Heroe wa Tanzania walioko Kansas

Ndege ninaotaka kuwaandikia wanaitwa heroe. Wengi wetu tulizoea kusema flamingo, na hata walimu wetu kambini walisema hivyo. Ni yule mwenye miguu mirefu kama fito, shingo kama mpira wa kumwagilia bustani, na rangi ya waridi.

Nimekaa Nyarugusu miaka 19 na sikuwahi kuona hata mmoja. Wako Tanzania hiyo hiyo, ila makazi yao makubwa ni Ziwa Natron, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Kenya, na sisi tulikuwa Kasulu. Kwenda Natron ungeandika nini kwenye kibali cha kutoka? "Sababu ya safari: kuangalia ndege." Yule wa dirishani angecheka mpaka awaite wenzake waje kusoma. Kwa hiyo heroe wa kwanza niliowaona kwa macho yangu niliwaona hapa Wichita, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani, mahali ambapo bahari iko mbali kila upande. Na kumbe walikuwa wametoka Tanzania.

Ilikuwa safari ya shule ya binti yangu. Shule za hapa zinaomba wazazi wasindikize watoto, na mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Watoto wakakimbilia tembo. Mimi nikakaa kwenye benchi mbele ya kundi la heroe kwa sababu benchi lilikuwa hapo, si kwa sababu nyingine. Mama mmoja mfanyakazi, ana ndoo mkononi, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kongo, lakini nimekulia Tanzania. Akaonyesha ndege kwa kidole: hata hao, wengine wao walikuja hapa kutoka Tanzania, kabla yako. Heroe anayefugwa anaweza kuishi miaka 50 na zaidi, kwa hiyo wametutangulia na huenda watatuzika.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi.

Kundi la heroe halitulii. Ukiwaangalia ukipita, unaona wamesimama tu. Ukikaa nusu saa unaona kila mmoja ana shughuli yake. Wawili wanagombana kwa midomo, shingo kwa shingo, juu ya nafasi ambayo hakuna hata mmoja anayeihitaji. Wakimaliza wanaiacha wazi wote wawili. Mwingine amelala kwa mguu mmoja, kichwa kimezama mgongoni. Wengine wanakula, na heroe anakula kichwa kikiwa kimepinduliwa: mdomo wa juu unakuwa chini, ulimi unafanya kazi ya pampu, maji yanaingia na kutoka, na pembeni mwa mdomo kuna vichujio vidogo vinavyobakiza chakula. Ni kama mama anayechekecha unga, ila huyu anachekecha ndani ya maji. Halafu ghafla, hujui nani ametoa amri, kundi zima linaanza kutembea, shingo juu, vichwa kushoto kulia, kushoto kulia, wanapiga kona wote kwa mara moja kama askari. Sauti yao haifanani na uzuri wao. Wanapiga kelele kama bata bukini, na harufu ya pale si ya waridi.

Lile goti mnaloliona likikunjika kwenda nyuma si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa juu, ndani ya manyoya. Na ule mguu mmoja una siri yake: mwaka 2017 watafiti wawili wa Atlanta, Young-Hui Chang na Lena Ting, waliandika kwamba hata heroe aliyekufa akiwekwa vizuri juu ya mguu mmoja anasimama, viungo vinashikana vyenyewe bila msuli kufanya kazi. Kwa miguu miwili maiti haisimami. Maana yake mguu mmoja kwake ndiyo mapumziko. Ninyi mnaopanga foleni ya posho tangu saa kumi na moja alfajiri, mkihamisha uzito mguu huu na mguu ule mpaka jua linawaka, najua mngeutamani mwili wa namna hiyo.

Rangi yao hawazaliwi nayo. Kifaranga anaanguliwa mweupe au wa kijivu, kama kifaranga yeyote. Waridi inatoka kwenye chakula: mwani na vidudu vidogo vya maji ya magadi vyenye rangi, na rangi hiyo inaingia mwilini mpaka kwenye manyoya. Ndege akikosa chakula hicho anapauka. Kwenye bustani za wanyama wanachanganya rangi ndani ya chakula, la sivyo watu wangelipa kiingilio kuangalia ndege weupe. Si lazima niwaeleze zaidi. Kila mgao ulipopunguzwa tuliona watu wanavyobadilika rangi, mtoto kwanza nywele, halafu ngozi.

Na wakati wa kulea, baba na mama wote wawili wanamlisha mtoto maziwa yanayotoka kooni mwao, mekundu kama damu. Wazazi wenyewe wanapauka wakati mtoto anakua. Hilo nilimsimulia mama yangu kwa simu nikidhani atashangaa. Hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Sasa ulifikiri inatoka wapi?"

Jambo lililonikaa kichwani muda mrefu ni la vioo. Heroe ni ndege wa umati. Kule kwenye maziwa yetu wanakuwa maelfu kwa maelfu, na wakiwa wachache mno hawatagi. Yai lenyewe ni moja tu, juu ya kichuguu cha matope, lakini hata hilo moja halitoki kama ndege haoni wenzake wengi pembeni. Kwa hiyo bustani fulani huko Ulaya na kwingine zimewahi kuweka vioo vikubwa kando ya bwawa. Ndege wanaona heroe wengi, wanatiwa moyo, wanaanza zile ngoma zao za kutembea.

Nilipolisoma hilo nilicheka, halafu nikanyamaza. Kambini tulikuwa tunalalamika kila siku kwamba tumebanana, jirani akikohoa wewe ndiye unayeamka. Tukafika hapa, nyumba ina kuta za kweli, milango yote ya jirani imefungwa, unaweza kukaa wiki hujasikia mtu akigombana. Mwaka ule wa kwanza mimi na mume wangu tulikuwa tukila jioni tunapiga simu ya video kwa mama, kule ikiwa ni usiku mkubwa au alfajiri, na hatuongei. Tunaweka simu mezani ikiegemea chumvi. Tunasikia mtu anapiga chafya, jogoo, redio ya mtu, mtoto analia nyumba ya tatu. Tunakula. Kadi ya intaneti ya mdogo wangu ilikuwa inaisha kwa kusikiliza kukohoa kwa watu. Hicho ndicho kilikuwa kioo chetu.

Sasa niwaeleze habari ya mabawa, maana bila hiyo hamtaelewa habari ya ndege namba 492.

Ukiangalia heroe wa bustanini hakuna wavu juu yao. Mtoto wangu ndiye aliyeuliza kwanza: mbona hawaruki? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata ncha ya bawa moja, kifundo cha mfupa wenyewe, ndege akiwa kifaranga, na huyo haruki tena maisha yake yote. Ya pili ni kupunguza manyoya ya kurukia, hayana maumivu, ni kama kukata kucha, lakini yanaota tena kwa hiyo kazi inarudiwa kila mara. Wale waliotoka Tanzania walifika wakiwa wakubwa, na kumkata mfupa ndege mkubwa halikuonekana jambo la haki. Wakapunguzwa manyoya.

Manyoya yakaota. Mwezi Juni 2005, siku ya upepo (na upepo wa Kansas, jamani, ni upepo unaofunga mlango wa gari na mguu wako bado uko nje), mgeni mmoja akawaambia wafanyakazi kwamba heroe wawili wako nje ya uzio. Wakafuatwa. Kila wakisogelewa, wanaruka. Kwa siku kadhaa walionekana kwenye mfereji wa maji upande wa magharibi wa mji, wakitembea kama wenye mfereji wao. Tarehe 3 Julai ikapiga mvua kubwa ya radi. Tarehe 4, wakati watu wa hapa wanawasha fataki za sikukuu yao ya uhuru, ndege hawapo.

Majina hawakuwa nayo. Walikuwa na namba kwenye pete ya mguuni: 347 na 492. Mnaosoma haya mkiwa na karatasi ya familia ndani ya mfuko wa plastiki, mnaijua namba yenu kuliko siku yenu ya kuzaliwa. Yangu bado naikumbuka yote mpaka alama ya mkwaju katikati, na ni miaka sasa hakuna aliyeniuliza.

492 alikwenda kusini. Alifika pwani ya Texas, maji ya chumvi, vina vifupi, joto, chakula kipo. Hakuna aliyemwonyesha njia. Na mwaka uliofuata alionekana akiwa na mwenzake. Huyo mwenzake hakuwa wa Afrika, alikuwa heroe wa kule Karibi, mwekundu zaidi, mwenye pete aliyofungwa akiwa kifaranga Yucatán, Meksiko. Ni aina mbili tofauti kabisa. Lakini kwa miaka kadhaa watu waliwaona pamoja, Texas na Louisiana, bahari yote ile na heroe wawili tu. Jirani yangu wa ng'ambo ya ukumbi ni mama wa Meksiko. Kihispania sijui, Kiswahili hajui, Kiingereza chetu wote wawili ni cha kuokoteza. Ndiye aliyenikatia kitovu cha upweke hapa, kwa sufuria ya maharage. Ndiyo maana habari ya 492 na huyo mwenzake sihitaji mtaalamu anifafanulie.

Wenye bustani walishasema hawana mpango wa kumkamata, maana kumfukuza huko kungewasumbua ndege wengine. Mwaka 2022 alikuwa bado yuko pwani ya Texas, mzima, ana rangi nzuri. Miaka 17 baadaye. Watu wanampiga picha. Magazeti yanamwita mtoro, lakini kwa kumsifu. Ukisoma unaona wanafurahi kwamba ametoroka. Nilifikiri sana juu ya furaha hiyo. Huyu kavuka bila kibali, anaishi bila karatasi, na nchi nzima inampigia makofi. Sisemi wangemtendea vibaya. Hapana, namfurahia kama wao. Nasema tu kwamba nimeiona.

Kuna neno jingine linanichoma, nalo ni dogo. Kila mahali wanapoandika habari zake wanasema alitoka Tanzania. Ni sawa, ni kweli. Lakini mdogo wangu amezaliwa Nyarugusu mwaka 2003. Amesoma humo, Kiswahili chake ni cha Kigoma, anashangilia Yanga mpaka anaugua. Hajawahi kulala usiku mmoja Kongo. Hakuna karatasi hata moja duniani inayosema yeye ni wa Tanzania. Yai lilianguliwa kwenye matope ya Tanzania, kilichotoka ndani kikawa cha Tanzania, hata kikiwa Texas. Mtoto akazaliwa kwenye wodi ya kambi, hatua chache kutoka barabara ya Kasulu, akawa wa Fizi.

Ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili mna neno lenu, "suluhisho la kudumu". Tunalijua, tumelisikia kwenye mikutano tangu watoto: kurudi, kubaki, au kupelekwa nchi ya tatu. Heroe hana suluhisho la kudumu. Ziwa likikauka au maji yakizidi mpaka chakula kikaisha, kundi linaondoka usiku kwenda ziwa jingine, Natron, Manyara, Bogoria, na likiona vema linarudi. Hakuna anayewauliza kama wamerudi kwa hiari. Najua watu si ndege na mipaka ipo. Ila nyinyi mngekuwa mnatuhesabu kwa namna hiyo, mara moja moja, mngetuelewa vizuri zaidi.

Namba 347 sijamsimulia.

Yeye alikwenda kaskazini. Mwezi Agosti mwaka ule ule wa 2005 alionekana Michigan, kwenye Ziwa St. Clair, karibu na mpaka wa Kanada. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena. Waliofuatilia wanasema huenda baridi ilimshinda. Majira ya huko maziwa yanaganda, unaweza kutembea juu yake, na ndege anayechekecha maji atachekecha nini?

Yaya wetu, mkubwa wetu sote, aliondoka kambini mwaka 2012 na rafiki yake. Hawakuwa na kesi ya kupelekwa popote, na biashara yao ya kuuza ndagala ilikuwa imekufa. Walifika Malawi pamoja. Hapo wakatengana: rafiki akabaki, yeye akasema anaendelea Afrika Kusini. Rafiki yuko, ana mke na duka dogo, anapokea simu. Yaya alipiga mara ya mwisho akiwa njiani, namba ya kuazima, dakika mbili, akasema akifika atapiga. Ni miaka 13. Mama hajaweka matanga. Mjomba alikuja mara mbili kumwambia aweke, watu wa kanisa walikuja, na mama aliwapikia wote chai, akawasikiliza, akawasindikiza mpaka njiani.

Mimi pia sijui la kumwambia. Zamani nilikuwa na jibu lililo tayari: mtakuja huku, tutamtafuta tukiwa huku. Mama na mdogo wangu walishafanya intavyu, walishafanya vipimo. Januari 2025 serikali ya hapa ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na kesi yao imelala. Sasa mama ananiuliza kama ajiandikishe kurudi Fizi. Habari za kule mnazisikia kuliko mimi. Lakini nadhani, na hili ni langu, mama haogopi tu vita. Anaogopa kwamba Yaya akirudi siku moja, atarudi Nyarugusu, mtaa ule, mlango ule, na atakuta watu wengine.

Jumapili moja mwaka huu nilimpigia kutoka pale kwenye benchi, nikageuza simu awaone ndege. Mtandao ulikuwa mzuri. Akaita watu. Nikasikia, "Njooni muone ndege wa Mama Neema!" Wakajaa kwenye kioo, vichwa juu ya vichwa, mdogo wangu anauliza kiingilio ni shilingi ngapi, nikamtajia, akasema kwa pesa hiyo yeye angekula mmoja. Wakacheka. Heroe nao wakaanza kutembea, shingo juu, kushoto kulia, na watoto wa kule wakaanza kuwaiga, nikawa naona miguu tu na vumbi.

Nikawasimulia 492. Nilimsimulia vizuri, na upepo, na mfereji, na mwenzake wa Meksiko. Walifurahi. Mzee mmoja jirani akasema huyo ni mwanaume. Nikawaambia hakuna anayejua kama ni dume au jike, akasema yeye anajua.

Watu wakatawanyika. Mama akabaki na simu. Nilidhani anataka kuniambia habari ya dawa zake.

"Si ulisema walitoka wawili?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, wawili.

"Na yule mwingine?"

Nikamwambia alikwenda kaskazini. Alionekana Michigan, mwezi wa nane.

Akakaa kidogo. Nyuma yake nilisikia mtu anatwanga.

"Huko Michigan kuko baridi namna gani?"

Nikamwambia mwezi wa nane hakuna baridi, Mama. Mwezi wa nane ni joto.